Nia Yangu kwa Masera Agata

Tarehe 19 mwezi wa tatu mwaka wa 2001, sikukuu ya Yosefu Mtakatifu, nilimpoteza mume wangu Paluku, shamba letu la viazi kule Kipese, na nyumba tuliyokuwa tumetoka tu kuiezeka kwa mabati. Pumzi niliipoteza baadaye, mwaka huohuo, mvua za mwezi wa tisa zilipoanza. Ninaandika juu ya pumzi kwa sababu najua wapo watu wanaokohoa sasa hivi wakijificha nyuma ya nyumba, na ningependa wajue mambo yalivyo. Lakini siwezi kuandika juu ya pumzi bila kumtaja Katembo. Anayetaka habari za ugonjwa peke yake amtafute mwandishi mwingine.

Katembo alikuwa jirani yetu. Tulisali naye katika shirika moja la kanisa, na yeye na mume wangu walipeleka viazi Butembo pamoja, kila mmoja na baiskeli yake. Siku zile askari walimkamata kwenye barieri ya Alimbongo, pale walipofunga barabara. Walimpiga. Sisemi hawakumpiga, maana mgongo wake niliuona. Walitaka kujua nani anawapa chakula vijana wa msituni. Kila nyumba ya Kipese ilikuwa imewapa chakula, kwa kuwa walikuja na bunduki kama hao wengine. Katembo mwenyewe aliwapa mbuzi. Lakini alipoulizwa alitaja jina la mume wangu.

Asubuhi alikuja nao mpaka kwenye ua wetu. Hakusema neno. Aliinua kidevu kuelekea mlango wetu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia ya kisimani. Nilikuwa nimekaa chini namenya viazi, na nilikiona kile kidevu. Hakufanya zaidi ya hapo; kumuua Paluku walifanya askari, palepale uani.

Kisha akaja kwenye matanga. Kwetu jirani huleta kuni kwenye matanga, ili moto wa wafiwa usizimike mpaka maziko yaishe. Katembo alileta mzigo mkubwa kuliko wote, kuni kavu za mkaratusi, akazipanga mwenyewe karibu na moto, akakaa na wanaume wengine. Watu wote walijua, na hakuna aliyesema, maana askari walikuwa bado wanalala katika shule yetu. Nilikuwa nasikia baridi. Niliota moto wa kuni zake.

Siku ya kumaliza kilio mjane hunyolewa kichwa. Mama mkwe wangu alikuja na wembe na beseni la maji. Nikamwambia hapana.

"Mama Masika, unataka batu baseme nini?" aliniuliza. Masika ni binti yangu wa kwanza, na ndilo jina wanaloniitia.

"Baseme vile banataka. Nitanyolewa siku Katembo atazikwa."

Alimwaga maji nje. Paluku alikuwa mtoto wake.

Tulihamia Butembo sisi watatu, mimi, Masika na mama mkwe, katika vyumba viwili vya kupanga. Wengi wa Kipese walikimbia mwaka ule. Katembo na mke wake nao walikuja, wakakaa ng'ambo ya bonde. Nikienda kuchota maji niliweza kuuona moshi wa jiko lao.

Kikohozi kilianza kama vile vikohozi vyote. Nilisema ni baridi ya Butembo, kisha nikasema ni vumbi la magunia ya maharagi niliyokuwa nachambua sokoni. Ukiwa na ugonjwa huu utasema mengi ya namna hiyo. Kila usiku nililowa jasho mpaka Masika akahamia kitanda cha nyanya yake. Chakula kilinichukiza. Karibu na Noeli nilikuwa naponda sombe, majani ya muhogo, nikaona pete yangu ya ndoa imo ndani ya kinu. Ilikuwa imechomoka kidoleni yenyewe na sikusikia. Niliiosha, nikaivaa kwa uzi shingoni, na hata shingoni ilikuwa inagonga mifupa.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Lakini alichukua sahani moja, akaipaka alama nyekundu kwa rangi ya kucha ya Masika, na kuanzia hapo hiyo ikawa sahani yangu. Hakunieleza na sikuuliza. Nilikula peke yangu karibu na mlango. Masika alikuwa akinitazama, kisha anaangalia chini. Nilifikiri: ni Katembo aliyenikalisha hapa mlangoni. Nilifikiri hivyo kila siku, wakati wa kula.

Mwezi wa kwanza nilitema damu kwenye kikwembe changu, kitenge nilichojifunga, na hapo mama mkwe akanishika mkono akanipeleka kituo cha afya. Alitembea mbele, mimi nyuma.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaojificha. Kituoni hakuna mtu atakayekushangaa. Kuna benchi moja refu chini ya mabati, na wote walioko hapo wanakohoa. Mvua ikinyesha juu ya yale mabati hakuna anayesikia kikohozi cha mwenzake, na siku hizo ndizo zilikuwa nzuri. Muganga wetu alikuwa mwanamke mnene aliyeitwa Kyakimwa. Alinipa kikopo chenye kifuniko niteme ndani. Nikatema.

Alikitazama akanirudishia. "Mama, mate niko nayo yangu. Weye lete kitu ya ndani."

Benchi lote likacheka, na wote wakaanza kukohoa kwa kicheko. Mimi pia nikakohoa, na kitu cha ndani kikaja.

Ilikuwa kifua kikuu. Nilitakiwa kuja kila asubuhi kumeza vidonge mbele ya macho ya Kyakimwa, kila mtu na kikombe chake cha maji kutoka nyumbani. Baada ya miezi miwili, kama makohozi yamesafika, ningechukua dawa za nyumbani hadi mwezi wa tisa. Siku ya kwanza nilikwenda haja ndogo nikaona mkojo mwekundu. Nilijua moja kwa moja kwamba Katembo ameninunulia sumu. Nilirudi kituoni mbio, na mtu mwenye kifua hakimbii; nilifika nikiwa natambaa. Kyakimwa akasema ni rangi ya vidonge, na kila mtu pale benchini anakojoa hivyo hivyo. "Mungekuja wote na sumu moja?" akauliza. Nakuambia wewe mapema, ili usikimbie bure.

Vidonge vile ni vikubwa na vinachoma tumbo. Kuna waliokuja wiki mbili tatu, wakaona kikohozi kimepungua, wakaacha. Wawili kati yao tuliwazika kabla ya Pasaka. Watu husema chuki inamaliza mwili. Kwangu haikuwa hivyo, na sitadanganya ili nionekane mwema. Asubuhi ambazo miguu ilikataa kusimama, nilikumbuka kwamba Katembo yuko hai ng'ambo ya bonde, na kwamba nikifa atakuja kwenye matanga yangu na mzigo wa kuni. Nilisimama, nikachukua kikombe changu, nikaenda.

Habari za Masera Agata nilizisikia pale benchini. Alikuwa mtawa wa kwetu, Munande, aliyeuguza watu wa kifua katika misheni ya zamani njiani kwenda Beni, miaka mingi kabla ya vita. Aliwauguza mpaka naye akaupata ugonjwa wao, akazikwa kule juu ya kilima, nyuma ya kapela. Roma haijamtangaza kuwa mtakatifu. Watu hawakungoja.

Masera huyo alikuwa na sheria moja katika wodi yake. Mgonjwa hakuruhusiwa kujiombea kitu. Ukitaka maji, mwenzako wa kitanda cha pili ndiye aliyekuombea, na wewe ulimwombea yeye blanketi. Asiyejua shida ya jirani yake alilala na kiu, yeye na jirani yake. Basi hata sasa, kwenye kaburi lake, hakuna anayeomba nia yake mwenyewe. Unamwambia nia yako mtu aliyekaa kando yako, naye anapiga magoti kukuombea kwa sauti. Wewe unafanya vivyo hivyo kwa nia yake. Tena huendi na mshumaa. Unakwenda na kuni, na kuni zako zinapika chakula cha wale watakaokuja kesho. Padri wa misheni hakuipenda sana desturi hiyo, lakini wakati wa kula alikuwa anakuja.

Mtu wa kando yangu benchini alisema Masera Agata hakatai. Nikaamua kwenda. Wote walidhani nakwenda kuomba uzima. Uzima nilikuwa nao kwenye vidonge. Nilikwenda kuomba kifo cha Katembo.

Ilikuwa Kwaresima. Kyakimwa alinipa vidonge vya siku mbili ndani ya karatasi. "Ukiruka hata siku moja, Masera Agata hatakuokoa na mimi," alisema. Nilipanda juu ya lori la vitunguu, na kifungu changu cha kuni mapajani. Kulikuwa na mahujaji wengine juu ya magunia, wanawake wengi wamejifunika kwa ajili ya ukungu, na sikuangalia nyuso. Kwenye barieri askari mmoja alinichomachoma kuni kwa mtutu wa bunduki.

"Mama, ozokende wapi na makuni? Kule Beni hakuna miti?"

"Naenda kupikia mufu," nilijibu.

Alicheka akatuachilia. Sikuwa natania.

Lori lilitushusha barabarani, na kilima tulipanda kwa miguu. Wenye nguvu walitangulia wakiimba. Nilipumzika kwenye kila kona, na kila nilipokaa nilimsikia mtu mmoja nyuma yangu naye anakaa. Sikugeuka. Mgonjwa hana pumzi ya kumpa kila mtu salamu.

Kaburi ni la kawaida, saruji na msalaba, na majani yamefyekwa. Mlinzi wake ni mwanamke mmoja mkali, Mama Kavugho, ndiye mpishi pia. Alipokea kuni zetu, akazikagua, mbichi akazirudisha. Kisha akatukalisha wawili wawili kwenye nyasi.

"Kila mutu ashike nia ya mwenzake vile alipewa," alisema. "Usiongeze, usipunguze. Ukipunguza ya mwenzako, na yako inabakia chini. Tena sauti. Masera alikuwa anasikia muzuri, lakini haiko sababu ya kunong'ona."

Yule mtu wa nyuma yangu akaja akakaa kando yangu. Akashusha kikwembe kutoka usoni. Alikuwa Mama Mumbere, mke wa Katembo.

Nilitaka kusimama. Akaweka mkono juu ya kikwembe changu, si juu ya mkono wangu, juu ya kikwembe tu.

"Usiamuke, Mama Masika. Nakuomba."

"Umefata nini huku?"

"Nilikufata weye. Ku nyumba ungenifungia mulango. Hapa hauwezi kunikatala."

"Bwana yako njo alikutuma?"

"Hapana. Anazani niko ku soko."

Watu wawili wawili walikuwa tayari wananong'onezana. Mama Kavugho alikuwa anatuangalia. Nikamwambia aseme haraka.

"Iko anakohoa," alisema. "Tangu ile shimo askari bamufungiaka na batu wengine. Sasa anatosha damu ku kinywa. Namwambia aende ku santé kwa Kyakimwa, anakatala. Anasema, 'Muke ya Paluku anakuwaka ku benchi kila asubui. Siwezi kuikala mbele yake. Afazali nikufe ku nyumba.'"

Sitaficha nilichosikia ndani yangu. Nilisikia furaha. Kumbe tangu mwezi wa kwanza nilikuwa namuua Katembo kwa kukaa tu. Nilikuwa nimepanda mpaka juu ya kilima kuomba kitu ambacho nilikuwa nakifanya kila asubuhi na kikombe mkononi.

"Nia yako ni nini?" nikauliza, ingawa nilikwisha kuelewa.

"Apate nguvu ya kuenda ku santé, anywe dawa, apone." Akanigeukia. "Na yako?"

"Akufe."

Hakuondoa mkono kwenye kikwembe changu.

"Katembo akufe," nikaendelea. "Akufe pole pole. Na kikohozi. Batu baone."

Kisha akauliza kama mtu anayeuliza kiasi cha chumvi, "Na jina, nitaje?"

"Taja."

Zamu yetu ilipofika alitangulia yeye. Alikuwa mwanamke mfupi, na alipopiga magoti msalaba ulimfikia usoni. Alisema kwa sauti, kama alivyoagizwa.

"Masera Agata, huyu Mama Masika iko anaomba Katembo akufe. Akufe pole pole, na kikohozi, batu baone." Akavuta pumzi. "Katembo njo bwana yangu. Sijapunguza."

Hakuna aliyekohoa. Mama Kavugho alisimama na mwiko mkononi. Mama Mumbere aliinuka, akajipangusa magoti, akarudi kukaa kwenye nyasi. Zamu ikawa yangu.

Nilipiga magoti na mdomo ukakataa kufunguka. Nilimwona Paluku amelala kwenye maganda ya viazi. Nilikiona kidevu. Nilifikiri: nikinyamaza, huyu mama atarudi na mikono mitupu. Lakini nikinyamaza, nia yangu inabaki chini, na nia yangu ilikwisha kusemwa vizuri, kwa sauti, na mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuinong'ona. Sikutaka ibaki chini. Basi nikasema. Sikusema kwa huruma, na mtu asije akaniambia kwamba ndani yake kulikuwa na huruma nisiyoijua. Nilisema kama mtu anayetoa kitu kwenye barieri ili apite.

"Masera Agata, huyu Mama Mumbere anaomba bwana yake Katembo apate nguvu ya kuenda ku santé, anywe dawa, apone."

Lile neno la mwisho nilitaka kulipunguza. Lilikuwa kwenye ulimi kama kidonge. Sikulipunguza.

Tukaenda kula. Chakula kilikuwa fufu na maharagi, yamepikwa kwa kuni za watu wa jana, na kule sahani moja ni ya watu wawili walioombeana. Nilikaa nikitazama ile sahani. Mama Mumbere aliingiza mkono, akamega, akala.

"Hauogope?" nilimuuliza. "Niko na kifua."

"Niogope nini? Ya ku nyumba yangu ni ile ile."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Noeli mtu kula nami sahani moja. Ningependa awe mtu mwingine. Nilikula nikashiba, kitu ambacho nacho sikuwa nimefanya tangu Noeli. Kwenye lori la kurudi kila mmoja wetu alikaa kona yake.

Baada ya Pasaka, asubuhi moja ya mvua, Katembo alikuja kituoni.

Sikumtambua mara moja. Koti lilikuwa linatembea na yeye yuko ndani yake. Alisimama nje kwenye mvua muda mrefu, mpaka Kyakimwa akampigia kelele aingie. Nafasi ilikuwa mwisho wa benchi, upande wa mbali nami. Alikaa akitazama viatu. Nilimtazama vizuri, toka nywele mpaka soksi. Kile kidevu kilikuwa kimebaki mfupa, na ndevu zimeota hovyo.

Siku hiyo hakuwa na kikombe. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Kyakimwa akampa vidonge kiganjani akauliza nani atamwazima maji mgeni. Kikombe changu kilikuwa kimejaa, kiko juu ya goti. Sikumpa. Alitoka nje, akakinga mkono chini ya mabati, akameza kwa maji ya mvua. Nakuambia kama ilivyokuwa. Ukiniuliza leo kama ningempa, bado nafikiri.

Siku nyingine Kyakimwa alitoka mlangoni, benchi limejaa, akauliza nani alitangulia kufika. Kila mtu akawa anamwangalia mwenzake.

"Muulize Katembo," nilisema. "Yeye anajua kuonyesha batu na kidevu."

Wengi pale walikuwa wa upande wetu, wa Lubero, na walielewa. Kyakimwa hakuwa anajua, lakini alituangalia, mimi na yeye, na hakuuliza tena. Katembo aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Tangu siku hiyo hakukiinua mbele yangu. Hata akiitwa jina, alisimama hivyo hivyo, ameinama. Nilifurahi. Nililala vizuri usiku ule, bila jasho.

Alijaribu mara moja kusema. Tulikuwa wawili tumebaki, mvua inapiga mabati, na alijisogeza kidogo kwenye benchi.

"Mama Masika, niko na neno."

"Siku ile ulinyamaza," nilimwambia. "Nyamaza na leo."

Akarudi mwisho wa benchi.

Makohozi yangu yalichelewa kusafika, lakini yalisafika, na baada ya Pentekoste sikulazimika tena kuja kila siku. Nilirudi kula mezani. Mama mkwe alifuta ile alama nyekundu kwa kisu, ikabaki doa, na akaanza kula katika sahani hiyo yeye mwenyewe. Siku moja Masika aliniomba nimsuke, akaegemea kifua changu muda wote, na nikasikia anasikiliza kama ndani bado kunakoroma. Hakukukoroma. Pete ilirudi kidoleni wakati wa kupanda maharagi, mwezi wa tisa. Niliivua na kuivaa mara nyingi siku hiyo.

Wewe unayekohoa, enda. Usingoje damu. Usiache vidonge kwa sababu umepata nafuu. Nafuu ndiyo inayoua. Kama huna mtu wa kukuamsha asubuhi, amshwa na chochote ulicho nacho. Mimi niliamshwa na nilichokuwa nacho.

Katembo naye alipona. Nilimwona akijaza lile koti kidogo kidogo, shingo kwanza, kisha mabega. Sasa anauza vitunguu sokoni. Akiniona anainama na mimi napita. Masika aliniuliza kama hiyo ina maana kwamba Masera Agata alimsikia Mama Mumbere na hakunisikia mimi. Nilimwambia sijui. Sauti iliyoomba apone ilikuwa yangu. Sauti iliyoomba afe ilikuwa ya mke wake. Huenda Masera alisikia vizuri mno.

Nywele zangu hazijanyolewa. Ni nyingi, nazifunga kwa kitambaa, na mama mkwe ameacha kuniuliza.

Kila Kwaresima, kama barabara iko wazi, nabeba kuni zangu napanda lori. Mwaka huu pia nilikwenda. Nilikagua kuni mwenyewe kabla, na Mama Kavugho hakurudisha hata moja. Nilikaa kwenye nyasi. Mama Mumbere akaja akakaa kando yangu kama miaka yote, akitweta kwa kilima.

"Yako ni ile ile?" akaniuliza.

"Ile ile. Na yako?"

"Ile ile. Lakini ongeza magoti. Yanamuuma sana baridi ikikuya."

"Na magoti?"

"Njo, na magoti. Usipunguze."

Alitangulia yeye. Alipiga magoti mbele ya msalaba, akaomba kwa sauti mume wake afe, afe pole pole, na kikohozi, watu waone. Kisha nikapiga magoti mimi, nikaomba Katembo awe mzima, na magoti yake yapone. Tukanawa mikono, tukaenda kula.